Mdhamini wa Mbinga Nzima

Kama gazeti lako la Jumapili iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujanisoma, nakupa kwa kifupi, maana wazembe siwabembelezi. Mimi ni Beata. Nina digrii. Kazi niliyoahidiwa Dodoma alipewa mpwa wa mtu. Mchumba wangu Ignatio akaoa muuza vipodozi wa Songea. Mimi nikarudi Mbinga na begi moja, nikakalia kiti cha plastiki katika steshenari ya baba mdogo Egidi, nachapa barua za watu wasiojua wanataka kusema nini.

Tuliachana pale simu yangu ilipotoa mlio, nikasoma ujumbe, nikashika ukuta. Wapo waliodhani ni msiba. Afadhali ungekuwa msiba, kwenye msiba watu hukuletea unga.

Ujumbe ulitoka kwa kampuni moja ya kahawa niliyoomba kazi. Ulisema hivi: hongera, umeingia katika orodha ya mwisho ya nafasi ya afisa mawasiliano. Kesho tutawapigia simu wadhamini wako.

Tangu lini mdhamini akapigiwa simu? Nchi nzima watu huandika wadhamini chini ya CV kama wanavyoweka pilipili pembeni ya sahani, ionekane ipo. Halafu anatokea meneja mmoja Mbinga, hana kazi ya kufanya, anataka kuionja.

Ili uelewe kwa nini nilishika ukuta, nikueleze CV inavyopikwa mjini kwetu.

Programu ya kuandikia kwenye kompyuta huja na templeti zake. Ni nzuri tu, zimepangwa na watu wenye akili zao: hapa jina, hapa elimu, hapa uzoefu wa kazi. Unafuta maneno ya mfano, unaandika ya kwako. Ni kazi ya muda mfupi kwa mtu mwenye kitu cha kuandika, na wateja wangu hawana.

Mteja akiingia haketi. Ananyoosha kidole kwenye kompyuta. "Dada, nifanyie ile ya bluu."

Ile ya bluu ni templeti yenye ubavu wa bluu upande wa kushoto, duara la picha juu, na nukta tano tano za kuonyesha ujuzi. Moja ni kidogo, tano ni bingwa. Namuuliza mtu, Kiingereza nikujazie nukta ngapi? Zote. Kompyuta? Zote, na hapo hajui kuiwasha. Kifaransa?

"Kwani inaleta shida gani, dada? Jaza tu zote."

Picha tunampiga pale pale, mbele ya shuka jeupe. Koti la picha ni la baba mdogo, jeusi, linakaa msumarini mwaka mzima. Mrefu analivaa, mfupi analivaa, wasichana wanalivaa juu ya gauni. Mtu yeyote wa Mbinga anayetafuta kazi anaitafuta akiwa ndani ya koti lile.

Nikifika mahali pa mambo wanayoyapenda, siulizi tena. Wote wanapenda kusoma vitabu, kusafiri na kubadilishana mawazo. Mtu hajavuka Peramiho tangu azaliwe, lakini kwenye ile ya bluu ni msafiri.

Tukifika kwa wadhamini, mteja hutazama dari.

Sasa, ile ya bluu haikuwa tupu. Miaka mingi kabla sijakalia kile kiti, kijana mmoja anayeitwa Mansuetus aliandikiwa CV yake humo, nayo ikabaki kwenye kompyuta kwa jina la CV NZURI. Kila aliyefuata alifunguliwa hiyo hiyo. Unafuta Mansuetus, unaandika jina jipya, unahifadhi. Wadhamini watatu wa Mansuetus wakabaki chini ya ukurasa, kama wapangaji waliosahauliwa. Wa kwanza alikuwa padri, amekwisha kufariki, Mungu amlaze pema. Wa pili namba yake haipatikani. Wa tatu ni Mwalimu Dorothy wa Lundo, wilaya ya Nyasa, na namba yake inaita.

Asiye na wadhamini nilimwachia hao hao. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyesoma. Watu wanaichukua CV yao ikiwa bado na joto la mashine, wanaipuliza, wanaondoka.

Na yangu? Yangu niliifanya katika ile ya bluu pia, na wadhamini nikawaacha walivyo. Usifikiri nilikosa watu. Padri wa kijijini kwetu Mapera ananijua tangu ubatizo. Lakini nilikwisha kumwambia mama kwamba mimi kazi nitapata kwa vyeti, si kwa magoti. Sikutaka mtu aje kutamba kilabuni kwamba Beata yule mimi ndiye niliyemsemea. Bora mtu nisiyemjua, huyo hatanidai shukrani.

Katika wateja wote, aliyenisumbua ni mmoja tu, Placidi wa Litumbandyosi. Kijana wa suruali ndefu iliyokunjwa mara mbili, diploma yake ameiweka ndani ya mfuko wa sukari. Huyo alisoma mpaka chini, tena kwa sauti.

"Huyu Mwalimu Dorothy ni nani?"

"Mdhamini wako."

"Ananijua?"

"Wakimpigia atakujua."

Akajikuna shingo. "Dada Beata, mtu mzima huwezi kumwandika hivi hivi. Lazima mtu aende akamwamkie kwanza."

"Haya, nenda kamwamkie. Gari za Mbamba Bay zimejaa tele hapo stendi."

Nilicheka mpaka baba mdogo akatoka nyuma kuuliza kuna nini. Nikamweleza, naye akacheka. Placidi akacheka pia, kwa adabu, kisha akauliza gari linaondoka saa ngapi. Nikajua huyu wa kuombewa.

Ndiyo hali ilivyokuwa siku ujumbe ulipoingia. Baba mdogo alinitazama nimeshika ukuta, akauliza kama ni malaria.

"Wamenichukua kwenye orodha ya mwisho," nikamwambia.

"Vizuri. Maana Aurelia wangu amemaliza kozi ya kompyuta, na hicho kiti atakikalia yeye mwezi ujao. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Na mimi?"

"Wewe si umepata kazi? Usipopata, mama yako Mapera ana kahawa ya kuchuma."

Alisema hivyo akiwa anapanga kalamu kwenye kopo, hata hakunitazama. Baba mdogo ana moyo wa mashine ya kutoa kopi.

Nikampigia mama, nikidhani nitapata pa kulilia. Nilimwambia nimeingia orodha ya mwisho, akashangilia, akakata, akanipigia yeye jioni. Mama katika maisha yake hajawahi kusikia habari nusu, huwa anaimalizia mwenyewe.

"Nimekwisha kwenda parokiani," akasema. "Jumapili ni misa ya shukrani kwa ajili yako. Jumuiya yote inakuja nyumbani baada ya misa. Jogoo tumeshamfunga mguu."

"Mama, bado sijapata."

"Shukrani huwa haiwahi sana, mwanangu. Uje na sketi ndefu."

Sasa unajua nilichokuwa nacho mkononi. Nikikosa ile kazi, kiti kimechukuliwa, na Jumapili nitaketi benchi la mbele Mapera nikishukuru kwa kitu kisichokuwepo, mbele ya wanawake ambao kwa miaka mingi nimekuwa nikiwajibu salamu kwa nyusi. Jumatatu nitakuwa shambani pamoja nao na kikapu kiunoni. Wangefurahi mpaka wangesahau kuchuma.

Nikachukua namba ya chini ya CV yangu, nikapiga. Ikaita. Akapokea mwanamke.

"Shikamoo Mwalimu. Naitwa Beata, napiga kutoka Mbinga, samahani sana..."

"CV?"

"Ndiyo, Mwalimu, lakini ningependa kueleza..."

"Mimi sauti siisemei. Njoo." Akakata.

Asubuhi nikashuka hadi Mbamba Bay, nikakamata bodaboda hadi Lundo. Njia ni njia na ziwa ni ziwa. Anayetaka kusifiwa mandhari akanunue kalenda.

Nilimkuta uani kwake, mwanamke mrefu, mkavu, kitenge kimefungwa kifuani, anamwaga usipa juu ya chanja. Wale ni samaki wadogo wa ziwa letu, wanaanikwa kwa maelfu, na harufu yake hukuingia kwenye nywele ukaenda nayo kanisani. Nilisimama mbali kidogo kwa ajili ya blauzi yangu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye sauti ya jana?"

"Ndiye mimi. Beata."

"Mmatengo?"

"Ndiyo, Mwalimu. Kwetu Mapera."

"Ahaa. Mmezoea kuchimba mashimo ya ngoro ya kulimia kwenye milima yenu, sasa mmehamia kuchimba kwenye majina ya watu." Akacheka peke yake. "Kaa hapo."

Nikakaa kwenye kivuli cha ukuta. Simu yangu ilikuwa imezimika njiani, nikamuuliza kama kuna mahali pa kuweka chaji. Akaniambia umeme umekatika tangu asubuhi, kisha akaendelea kutawanya usipa kwa kiganja. Nikaanza kumweleza, kwa Kiswahili changu cha chuo kikuu, kwamba kumetokea hitilafu ndogo ya kiofisi katika steshenari ninakochapa CV.

Hakuningoja nimalize. "Mansuetus unamjua?"

"Hapana, Mwalimu."

"Mimi namjua. Nilimfundisha miaka minne. Alikuja hapa, akaketi hapo ulipoketi, akaniomba nimsemee. Nikamkubalia yeye mmoja. Sasa niambie, mtoto wa Mapera, mimi nilikubali watu wangapi?"

Nikajifanya naondoa vumbi kwenye blauzi. Swali la kijinga halijibiwi, ingawa lile halikuwa la kijinga sana.

"Simu zilianza kidogo kidogo," akasema. "Mwalimu Dorothy, unamfahamu fulani? Nasema simfahamu. Wanauliza, mbona amekuandika? Nasema muulizeni yeye. Wanakata, mtoto wa watu anakosa kazi, mimi silali. Nikaona ni dhambi. Nikaanza kusema namfahamu, ni mchapakazi, mwaminifu, mpeni. Wakawa wanapata. Mmoja aliniletea kilo mbili za sukari, sijui hata jina lake. Nikajiona mkubwa."

"Sasa si ulifanya vyema, Mwalimu?" nikasema. Niliona mlango unafunguka.

"Mmoja wao akaiba. Akakomba ghala la watu, akavuka kwenda Msumbiji. Polisi wakampigia nani? Mimi, niliyesema ni mwaminifu. Nilikaa kwenye benchi lao kutwa nzima, umri huu, naulizwa nilimjuaje. Nikasema sikumjua. Wakaniuliza, kwa hiyo ulidanganya? Nikasema ndiyo. Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kulisema neno hilo mbele ya kijana mwenye bunduki."

Akapangusa magamba kwenye kitenge. "Tangu siku ile nasema nilichokiona kwa macho. Asiyekuja hapa nikamwona, sina neno lake."

Kusema kweli nilimdharau. Mtu ana nafasi ya kumaliza jambo kwa neno moja, simu mkononi, bila gharama, na yeye analifanya kitubio. Lakini mwenye shida ni mimi, na mwenye shida hatazami mlango umepakwa rangi gani.

"Basi mimi nimekuja, Mwalimu. Umeniona."

"Nimeona nini? Umekuja, umekaa kivulini, umeuliza chaji." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Juzi alikuja mwenzako. Kutoka Litumbandyosi."

"Placidi?"

"Huyo. Na yeye ameomba kazi kwenye kampuni ya kahawa ya Mbinga, kasema mwenyewe."

Yule wa mfuko wa sukari! Niliyemjazia nukta za Kifaransa kwa mkono wangu! Kumbe nilikuwa nimekaa steshenari nikiwachongea wenzangu ngazi, na mwenyewe nikiwacheka namna wanavyopanda.

"Alikuja na maharage," akasema Mwalimu Dorothy. "Nikadhani nimepata mtu. Yule kijana anaongea kama redio iliyokwama! Alinisimulia ukoo wao wote hadi waliokufa. Alikula ugali wa muhogo wa watu watatu. Nikampa kazi ya kufukuza kunguru kwenye usipa, akalala usingizi na fimbo mkononi. Kunguru walikula chanja nzima. Nilimfokea mpaka majirani wakatoka."

Moyo wangu ukatulia. "Pole sana Mwalimu. Kwa hiyo hutamsemea."

"Sijamaliza. Nilipochoka kufoka hakujitetea. Alishuka ufukweni, akawasaidia wavuvi kuvuta nyavu mpaka jua lilipopinda, akarudi na ndoo ya usipa waliyompa. Akaumwaga hapa, akaniomba radhi. Halafu akaanza tena habari za ukoo."

"Mwalimu," nikasema, "mimi sina muda wa kuvuta nyavu. Wanapiga leo. Nina misa ya shukrani Jumapili."

"Umepata?"

"Bado."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia samaki aliyekwisha kuharibika, anajiuliza atupe au apike. Wanaonijua watataka kujua kama nilipiga magoti. Sikupiga. Niliinama kidogo, kama mtu anayefunga kiatu.

"Tafadhali, Mwalimu. Neno moja tu."

Simu yake ikaita.

Ilikuwa ndogo, ya vitufe, imefungwa mpira, inaning'inia kwenye nguzo ya chanja. Mwalimu Dorothy akaitazama, akasoma namba, akatikisa kichwa.

"Namba ngeni. Ndio wao." Akaifungua kwenye nguzo, akanipa mimi. "Pokea."

"Mimi?"

"Jina langu umelitumia siku zote bila kuniuliza. Leo nakuruhusu, litumie. Wewe ndiye uliyewaandika, wewe unawajua. Bonyeza sauti kubwa nami nisikie ninavyosema."

"Mwalimu, siwezi..."

"Basi iache ikatike."

Nikapokea.

"Shikamoo Mwalimu," ikasema sauti nzito ya mwanamume wa umri wa marehemu baba yangu.

Mwalimu Dorothy akanionyesha kwa kidevu. Mnyasa huyu hana huruma. "Marahaba," nikasema, na masikio yakanichemka.

"Naitwa Joakim, meneja wa kampuni ya kahawa hapa Mbinga. Samahani kwa usumbufu, mama. Nina waombaji saba wa mwisho."

"Ndiyo, baba... ndiyo, mwanangu."

"Wote saba wamekuandika wewe."

Wote! Nilijaribu kuwahesabu kichwani niliowachapia, nikashindwa.

"Nimefundisha muda mrefu," nikajibu. "Wanafunzi ni wengi."

"Naona. Na wote saba wamevaa koti moja."

Mwalimu Dorothy akajiziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Mabega yakawa yanamcheza.

"Koti moja, mama, kifungo cha juu hakipo. Na wote saba wanapenda kusafiri na kubadilishana mawazo. Na wote saba ni mabingwa wa Kifaransa. Mimi natafuta mtu wa kuketi na wakulima wa kahawa akazungumza nao wakamwelewa, sikutangaza nafasi ya ubalozi."

"Vijana wa siku hizi," nikasema, kwa sauti ya kizee niliyoiokota sijui wapi.

"Nimewapigia kwanza wao wenyewe, kuwauliza Mwalimu Dorothy ni nani. Watano niliowapata nimewatoa. Mmoja ameniambia wewe ni mwanamume, tena ulicheza naye mpira. Wamebaki wawili ambao simu zao hazipatikani. Placidi na Beata. Hao nimeona nikuulize wewe."

Nilimshukuru Mungu kwa simu yangu kuzimika. Kwa Placidi kule Litumbandyosi hapana mtandao mpaka upande kichuguu. Tulikuwa wawili, na ulimi ulikuwa kinywani mwangu.

"Tuanze na Placidi," akasema meneja.

Unadhani nilisita? Sikusita. "Placidi ni mvivu," nikasema. "Anaongea kama redio iliyokwama. Anakula kwa watu watatu. Nilimpa kazi ndogo tu, kufukuza kunguru kwenye usipa, akalala na fimbo mkononi."

"Eeh? Kunguru wakafanyaje?"

"Wakala chanja nzima."

"Na yeye akafanyaje?"

Nilitaka kuishia pale kwa kunguru. Mwalimu Dorothy akainua kidole kimoja, na kidole kile kilikuwa karibu na kitufe chekundu cha simu.

"Akashuka kuvuta nyavu na wavuvi," nikasema taratibu. "Akarudi na ndoo ya usipa. Akaomba radhi."

Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi. Ilikwaruza muda mrefu.

"Asante sana, Mwalimu," akasema meneja, na sauti ilikuwa imebadilika, kama mtu aliyeketi vizuri zaidi. "Tangu asubuhi napiga simu, huyu ndiye wa kwanza ninayesikia kwamba ni mtu. Wengine wote wanasifiwa kama sabuni. Analala kazini, nimesikia. Lakini sasa namjua. Kulala tutamwamsha."

Nilitamani kuimeza ile simu. Nilikuwa nimemwaga sumu, na yeye amekunywa akasema tamu! Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga, na mimi sikuwahi kuwasikiliza kwa sababu hawakuwa na digrii.

"Na Beata?" akauliza.

Hapo nikatanua kifua. "Beata! Beata ni mchapakazi. Mwaminifu. Anajituma, anafanya kazi chini ya shinikizo, anashirikiana vizuri na wenzake, hahitaji kusimamiwa, ana uwezo mkubwa wa..."

"Wa kujifunza mambo mapya kwa haraka," akamalizia meneja.

"Ndiyo."

"Hayo ninayo hapa mbele yangu, Mwalimu. Ukurasa wa kwanza, ubavuni kwenye bluu, mstari kwa mstari. Yako pia kwa wale watano niliowatoa." Akashusha pumzi. "Nakuomba kitu kimoja. Kama cha Placidi. Nipe ubaya wake mmoja."

"Ubaya?"

"Ubaya. Mtu ukimjua, unajua na ubaya wake. Ukiniambia hana, nitaelewa kwamba hujawahi kumwona hata siku moja, na nitamfuta kama nilivyowafuta wenzake. Ukiniambia, nitawaita wote wawili kesho, nikawasikilize sawa kwa sawa."

Kunguru mmoja alitua kwenye chanja. Si mimi wala Mwalimu Dorothy aliyemfukuza.

Nilifikiri kusema anachelewa kuamka. Nilifikiri kusema anapenda chai yenye sukari nyingi. Nikamwangalia mwanamke yule mrefu aliyekaa benchi la polisi kwa ajili ya neno la uongo, na macho yake hayakuniambia sema wala usiseme. Nikajua nikimpa meneja ubaya wa kubuni, kidole kile kitashuka kwenye kitufe chekundu.

"Mwalimu, bado upo?"

"Nipo," nikasema. Ile sauti ya kizee sikuipata tena, ikatoka ya kwangu. "Huyu Beata anadharau watu."

Upande wa pili nikasikia kalamu ikifunguliwa.

"Anadharau watu," meneja akarudia, anaandika. "Nani, kwa mfano?"

Mwalimu Dorothy aliacha usipa wake kwa kunguru, akavuta kigoda, akakisogeza karibu na goti langu, asikose hata neno.